Huyu 1003 ni Nani?

2 Oktoba

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na idara zote, natangaza kwamba birika la umeme la ofisi yetu limeaga dunia leo saa nne na dakika kumi asubuhi. Limeacha vikombe sita na kopo moja la sukari. Mazishi yamefanyika nyuma ya choo. Kuanzia leo chai itapikwa kwa jiko la makaa, na aliyeteuliwa kuipika ni mimi, Abdirizak Gelle, miaka hamsini na miwili, mwalimu wa Kiswahili aliyeacha chaki akashika kompyuta, na mpaka leo haijajulikana kati ya hizo mbili ni ipi aliyoiweza.

Shajara hii nimeianza kwa amri ya mke wangu, Rahmo. Anasema nasahau mambo. "Andika," kaniambia, "halafu nitasoma nione kama umeandika kweli." Nimechagua Kiswahili kwa sababu anakisoma polepole. Nitapata muda wa kukimbia.

5 Oktoba

Mawingu ya deyr, mvua za vuli, yamesimama upande wa mto kama wageni wasiotaka kuingia ndani. Chai yangu imekataliwa na watu wawili.

9 Oktoba

Niieleze kazi yetu, maana Rahmo huwaambia majirani kwamba nalipwa kuangalia maji yakipita.

Sisi ni ofisi ndogo ya kupima kina cha mto Tana. Huko juu, Balambala, kuna nguzo yenye alama imesimama mtoni. Kila alasiri Jawahir, binti wa kituo cha huko, anaisoma, anaandika kina kwenye kompyuta ya kituo chake, na faili linaletwa Garissa. Mkubwa wetu, Mursal, akiona kimepita mita tano, anatuma ujumbe kwenye simu za wakulima wa kando ya mto: hameni. Maji ya Balambala huchukua usiku mmoja kutufikia. Usiku huo mmoja ndio kazi yetu yote.

Leo Nairobi wameagiza kompyuta zetu zifuate daftari moja la watumiaji. Nitasema kwa lugha ya darasani. Kompyuta haijui jina la mtu, inajua namba. Ukihifadhi faili, inaligonga namba yako na namba ya kundi lako. Mtu akiuliza baadaye "nani aliandika hili?", inaichukua ile namba inakwenda kuuliza daftarini: huyu ni nani? Sasa madaftari ni mawili. Moja liko ndani ya kila mashine, la zamani, na kila kituo kilijihesabia watu wake kuanzia 1001. Jingine ni kuu, liko Nairobi. Kwa hiyo namba moja inaweza kuwa mtu huyu Balambala na mtu mwingine kabisa Nairobi. Ni kama kuuliza "Abdi yuko wapi?" Kila mtaa utakuonyesha Abdi wake.

Dawa yake ni faili dogo linaloiambia mashine iulize wapi kwanza. Lina mstari wa watu na mstari wa makundi. Tunataka iulize Nairobi kwanza, na daftari la ndani liwe akiba mtandao ukikatika.

10 Oktoba

Garissa nimerekebisha mwenyewe. Balambala nimemwelekeza Jawahir kwa simu.

"Adeer," akaniambia, maana mimi kwake ni baba mdogo ingawa hatuna undugu, "ukiniharibia hii mashine nitakuja kukaa kwako na mama yangu."

"Mama yako anapika?"

"Anapika kukushinda wewe chai."

Habari za birika zimefika Balambala. Kazi imekwisha vizuri.

17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Punda wa mkokoteni wa maji amesimama katikati ya barabara, amekataa kazi. Namwelewa.

24 Oktoba

Jawahir ameandika mita 43. Kama ni kweli, Balambala yote sasa ni samaki. Nikampigia, akacheka mpaka akakohoa: nukta ilimponyoka, alitaka kuandika 4.3. Mursal alikuwa mwanafunzi wangu darasa la saba, na bado hunisifu kana kwamba nitamwongezea alama. Akasema mbele ya wote, "Mmeona? Mwalimu hapitwi na kosa." Nimetembea leo kifua mbele kama jogoo.

30 Oktoba

Mvua. 3.1.

3 Novemba

Mvua. 3.3. Korongo wa jalalani wamelowa, wamejikunja kama makarani wanaongoja mkutano uishe.

5 Novemba

Mvua. 3.4.

6 Novemba

Mvua. Hakuna jipya. Nimelala mapema.

7 Novemba

Mto umeingia mashambani.

Tuliamshwa na kelele baada ya swala ya alfajiri. Hakuna aliyeombwa ahame, na hakuna aliyehama. Mimi na Rahmo tulitoka mpaka pale barabara inapoteremkia mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila haraka, yamebeba mabua ya mahindi, milango, mbuzi waliovimba. Watu walikuwa juu ya paa la stoo ya pampu wakipunga kanga. Wanaume wenye kamba walikuwa wakibishana nani anajua kuogelea, na ilionekana hakuna.

Kulow hajulikani alipo. Ni mzee anayelinda pampu za mashamba ya chini. Hana mke wala mtoto, ana simu moja tu ya kitochi, na amri ya kuisikiliza ili awaamshe wengine.

Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na kompyuta yetu ya Garissa imeungua. Inanuka kama sufuria lililosahauliwa jikoni. Kilichokuwamo chote kimekwenda. Nakala pekee iliyobaki ni ile ya Balambala.

Nimevaa koti ndani ya nyumba. Ni baridi ya mvua.

8 Novemba

Kulow hajapatikana.

9 Novemba

Kulow hajapatikana. Wakulima wamekuja ofisini. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Waliketi chini, kwenye baraza, wakangoja. Mmoja aliuliza kwa upole kabisa: "Nyinyi mnalipwa kuangalia maji. Mlikuwa mnaangalia nini?"

10 Novemba

Siku ndefu, na ningependa nisiiandike.

Mursal alimpigia Jawahir na kuweka simu mezani ili sote tusikie. Jawahir anashikilia kwamba jioni ya tarehe sita aliandika mita 5.4. Faili lililotufikia Garissa lilisema 3.4, ndiyo maana ujumbe haukutumwa. Akasema anayo hata kwenye daftari lake la karatasi.

"Karatasi inaandikwa siku yoyote," Mursal akamjibu. "Fungua faili la mashine. Linasema kiasi gani?"

Tukasikia sauti ya vidole.

"Linasema 3.4. Lakini wallahi, Mursal, siyo hivyo nilivyo..."

"Lilihifadhiwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika kumi. Mimi saa hiyo nilikuwa nimeshafika nyumbani!"

"Na mwenye faili ni nani? Soma jina, Jawahir."

Tulisikia mvua ya Balambala ikipiga bati.

"Ni langu," akasema.

Mmoja wa wakulima aliyekuwa mlangoni alisema "astaghfirullah", akatoka nje.

Ndipo Jawahir akaniita. "Adeer, upo hapo? Hebu nisaidie. Faili zangu zote zinaonyesha kundi balambala. Hili moja tu linaonyesha kundi garissa. Mimi si wa kundi la Garissa. Kwa nini linasema hivyo?"

Macho yote yakanigeukia. Nikasema kompyuta wakati mwingine huchanganya.

"Umesikia," Mursal akamwambia. "Mwalimu amesema."

11 Novemba

Mvua. Kulow bado. Sikula. Rahmo ameniuliza kama naumwa tumbo. Nimesema ndiyo.

13 Novemba

Kulow amepatikana, alhamdulillahi. Yu hai. Alikaa siku tatu juu ya mgunga, akashushwa na watu wa mashua ng'ambo kabisa ambako hakuna aliyemjua, na jina lake limetufikia leo tu. Mguu umevunjika mahali pawili, na kifua kimejaa maji. Nilifurahi mpaka nikaketi chini barabarani, kwenye tope. Wapita njia walinisaidia kuinuka wakidhani ni ndugu yangu.

16 Novemba

Jawahir amesimamishwa kazi. Kituo cha polisi kinataka maandishi. Tarehe 28 Mursal atapeleka faili pamoja na ripoti ya mtaalamu wa kompyuta inayothibitisha kwamba akaunti ni yake na hakuna mwingine aliyeitumia. Akishtakiwa, itakuwa kwamba aliandika uongo uliotaka kuua watu.

Mtaalamu wa kompyuta ni mimi. Hakuna mwingine. Yule jogoo wa tarehe 24 nimemkumbuka, na ningeweza ningemchinja.

18 Novemba

Nimekwenda Balambala kukagua mashine, na gari la maziwa, nimeketi kati ya madumu. Barabara imekatika mara mbili, tulishuka tukasukuma. Kituoni hakuna mtu. Kanga ya Jawahir bado inaning'inia nyuma ya mlango.

Nimekagua. Sikuona kosa.

19 Novemba

Mvua. Ripoti bado.

20 Novemba

Ripoti bado. Mursal ameuliza. Nimesema naiandika kwa makini.

21 Novemba

Ripoti bado. Leo nimeona gari la polisi limesimama karibu na msikiti, nikapita uchochoro wa nyuma. Walikuwa wananunua sambusa.

22 Novemba

Nimekwenda hospitali kumwona Kulow. Nimempelekea maziwa ya ngamia. Kalala mguu umefungwa juu, mwembamba kama fimbo ya mchungaji.

"Wewe ndiye Mwalimu wa maji?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Ulikuwa unawachapa watoto?"

"Kidogo."

"Mimi nimechapwa na mto wenu. Mto hauna kidogo." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Halafu akasema: "Simu niliifunga kwenye kitambaa, nikaiweka shingoni. Nilikuwa nikiitazama. Nilijua mvua ni nyingi, lakini nikasema, hao wana mashine, wakinyamaza ujue kuna salama."

Sikumaliza dakika kumi pale. Mlangoni aliniita nirudi: nilikuwa nimesahau mwavuli.

25 Novemba

Jawahir amekuja nyumbani na mama yake. Ule utani wa kuja kukaa kwangu hakuna aliyeukumbuka. Mama aliketi na Rahmo mkekani, wakazungumza kwa sauti ya chini kuhusu binamu aliyeko kambi ya wakimbizi ya Ifo ambaye pengine angempokea Jawahir mpaka mambo yapoe. Jawahir amekonda. Alinipa lile daftari lake la karatasi, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Liweke wewe, adeer. Wao wanasema nimeliandika baadaye. Sitaki unitetee. Wakikuuliza, sema tu unachokijua."

Nikamwambia insha'Allah.

Baada ya kuondoka, Rahmo alikuwa akikusanya vikombe. Hakunitazama. "Hii shajara yako," akasema, "nimeisoma tena jana. Tarehe sita umeandika hakuna jipya. Tarehe tano umeandika kina, tarehe tatu umeandika kina. Ya sita iko wapi?"

Nikasema nilisahau.

"Ndiyo maana nilikwambia uandike," akasema, akaingia jikoni.

26 Novemba

Mvua.

27 Novemba

Mvua. Nimeandika ripoti. Ukurasa mmoja na nusu. Nimeisoma mara tatu. Kiswahili chake ni safi sana.

28 Novemba

Ripoti hiyo nimeichana asubuhi. Sasa naandika yaliyotokea kweli, kwa mpangilio, na Rahmo asome taratibu, sikimbii popote.

Tarehe sita Novemba, saa kumi na moja jioni, nilikuwa peke yangu ofisini Garissa. Faili la Jawahir likaingia: 5.4. Jana yake ilikuwa 3.4. Nikakumbuka ile 43 yake, nikakumbuka nilivyosifiwa. Nikajisemea, huyu binti na vidole vyake. Nikafuta 5, nikaweka 3, nikahifadhi. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi. Mursal alifungua dakika chache baadaye, akaona 3.4, akaenda zake nyumbani. Lile faili lililorekebishwa likarudi Balambala lenyewe, kama faili zote zinavyorudi, likiwa limegongwa namba yangu na namba ya kundi langu, garissa. Namba yangu kwenye daftari la Nairobi ni 1003.

Nilipoona maji asubuhi ya saba nilijua. Sikungoja mtu aniambie. Mashine ya Garissa ilipoungua, Mungu anisamehe, moyo wangu ulipumua.

Kilichonishangaza ni tarehe kumi, Jawahir aliposoma jina lake mwenyewe. Nilijua namba ni yangu. Nilitarajia asome Abdirizak. Nilikuwa nimeshafumba macho. Nikayafumbua nikiwa mtu huru, na yeye mfungwa. Aliponiuliza juu ya kundi, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema kompyuta huchanganya. Kompyuta haikuwa imechanganya chochote.

Tarehe kumi na nane, Balambala, niliona kosa mara moja. Lilikuwa herufi moja. Ile siku ya Oktoba nilipomwelekeza kwa simu, Jawahir alibonyeza vibaya akaufuta mstari wa watu wote. Mstari wa makundi ulibaki. Huo tuliuongezea tu pa kuuliza. Wa watu ikabidi nimtajie upya, herufi kwa herufi. Unaanza na neno passwd. Sasa ulimi wangu wa Kisomali na hiyo p ya kwanza hawajawahi kukutana. Darasani miaka kumi na tisa wanafunzi walinicheka: mwalimu anataka "bicha", mwalimu anauza "bamba". Nikamwambia, "Andika bii."

"Bii ya nini, adeer?"

"Bii ya Bakistani."

Akaandika b. Yeye ni binti wa huku huku. Bakistani kwake ni nchi inayojulikana. Tulielewana vizuri kabisa, na hapo ndipo penye balaa. Basswd. Mashine ikikuta neno isilolijua hailalamiki. Inauruka mstari, inarudi kuuliza daftari lake la zamani la ndani. Makundi yaliulizwa Nairobi, watu hawakuulizwa. Na daftari la ndani la Balambala, ukiliuliza 1003 ni nani, linajibu: Jawahir.

Nilimwambia siku ile ajaribu kwa kuita jina lake. Likatoka, na namba yake: 1003. Nikasema mashallah, nikakata simu nikaangalie chai. Ningemwambia aite jina la mtu wa Garissa, mashine ingesema haimjui. Ningeisikiliza hata ile namba, ningejua ni yangu. Hata mwezi mzima hapa Garissa niliona faili zake zikionyesha jina langu, nikadhani ni kwa vile mashine yangu ndiyo iliyozipokea.

Tarehe kumi na nane nilikaa mbele ya ile b kwa muda wa gari la maziwa kupakuliwa na kupakiwa. Nilijua nikiibadilisha tu, jina litabadilika. Nikafunga. Nikaandika humu kwamba sikuona kosa. Niliogopa polisi, niliogopa wale wakulima waliokaa kimya barazani, lakini zaidi niliogopa Mursal kusema mbele ya watu, "Mwalimu?" kwa ile sauti ya mtoto wa darasa la saba.

Leo ameisema.

Tulikwenda Balambala watatu: Mursal, mimi, na mkulima mmoja wa kuwawakilisha wenzake; Jawahir tukamkuta huko. Niliwaomba wasimame nyuma yangu. Niliita faili la tarehe sita. Jawahir, kundi garissa. Nikafungua lile faili dogo, nikawaonyesha ile b, nikaweka p. Nikaita tena. Abdirizak, kundi garissa.

"Mwalimu?" Mursal akasema.

Mkulima hakuelewa. Akauliza mbona sasa faili zote za msimu zina jina langu, hata zile za Jawahir. Nikamwambia ni kweli, namba yetu ni moja, kwa hiyo aache majina, atazame makundi. Akasogea karibu, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka juu mpaka chini: balambala, balambala, balambala. Kidole kikasimama kwenye garissa. Kilikaa hapo. Nikasema: hilo ndilo nililobadilisha kwa mkono wangu. Yeye aliandika tano nukta nne. Alikuwa sahihi.

Mkulima alinigeukia. Nilidhani atanipiga, na ningependa anipige. Alisema tu, "Kulow atakusikia wewe mwenyewe. Si kwa simu." Kesho asubuhi naenda hospitali naye. Kutoka huko naenda kituo cha polisi na Mursal, na maandishi nitaandika mimi. Jawahir amerudishiwa funguo palepale. Mursal alimwomba msamaha mara mbili. Mara ya pili alikuwa akilia.

Mimi nami nilimwomba. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mkononi, tayari kwenda kusoma kipimo cha leo, maana mvua haijui kama tuna kesi. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja.

"Siku ile, ulipoona tano nukta nne ukadhani nimekosea. Kwa nini hukunipigia, kama ile siku ya arobaini na tatu? Nilikuwa nimetoka tu mtoni. Miguu yangu ilikuwa bado imelowa."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu jioni ile, na salio lilikuwemo.